Mdogo wangu anataka kusoma umeme: je, akienda chuo cha ufundi, chuo kikuu ndiyo basi?

"Nafanya kazi ya ulinzi Kampala, nyumbani ni Busia. Mdogo wangu wa kike amemaliza S.4, yaani kidato cha nne, kwa ule mtaala mpya. Amepata B katika fizikia, C katika hesabu na Kiingereza, D katika kemia, na masomo mengine ni C na D. Shule moja imemchukua S.5, imempa historia, uchumi na jiografia. Yeye mwenyewe anataka chuo cha ufundi, asome umeme. Baba amekataa kabisa. Anasema ufundi ni wa walioshindwa, na kwamba akienda huko chuo kikuu ndiyo basi. Mimi ndiye ninayelipa karo na sijui nimsikilize nani. Tena kuna chuo cha binafsi kimetupigia simu, kinasema kitampa diploma moja kwa moja kwa miezi kumi na minane. Halafu jina lake kwenye hati ya kuzaliwa halifanani na lile la baraza la mitihani, UNEB. Nisaidie, maana pesa niliyo nayo ni ya kuamua mara moja tu."

Kaka, pole na mzigo huo, na asante kwa kuandika kila kitu waziwazi, hata alama. Wengi huniuliza "nimpeleke wapi?" bila kusema mtoto amepata nini wala anapenda nini, na hapo hakuna mtu anayeweza kujibu.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Kwenda chuo cha ufundi hakumfungii mdogo wako chuo kikuu. Njia ipo, inatambuliwa, na vijana hupita humo mpaka Kyambogo, Makerere, Busitema na kwingineko. Ina masharti, nitayaeleza. Lakini katika barua yako kuna kitu kinachoweza kumfungia uhandisi wa umeme kwa uhakika zaidi kuliko ufundi wowote, nacho ni ile S.5 ya historia, uchumi na jiografia. Baba anauona mchanganyiko huo, HEG, kuwa ndiyo njia salama kwa sababu unaitwa A-level, yaani S.5 na S.6. Kwa msichana anayetaka umeme, aliyepata B ya fizikia, hiyo ndiyo njia inayompeleka mbali na anachokitaka.

Tuanze na alama, kwa kuwa nadhani hata ugomvi wa nyumbani umeanzia hapo. Baba yako alizoea mfumo wa zamani: D1 na D2 ndizo zilikuwa bora, zikafuata C3 hadi C6, kisha P7, P8, na F9 ya kushindwa. Alama zikajumlishwa, mtoto akapewa daraja la kwanza hadi la nne. Mtaala mpya ulianza S.1 mwaka 2020, na kundi la kwanza likafanya UCE, mtihani wake wa mwisho wa S.4, mwaka 2024. Humo hakuna daraja wala jumla. Kila somo linapewa herufi, kutoka A iliyo juu kabisa mpaka E iliyo chini. Ile D ambayo zamani ilikuwa fahari ya ukoo, leo maana yake ni kiwango cha msingi tu. Nimeona mzazi akishangilia D tano, na mwingine akimgombeza mtoto kwa C ambazo ni za kuridhisha. Mkae na baba, mmwelezee. Asilimia 20 ya alama inatokana na kazi alizofanya darasani, na asilimia 80 ni mtihani wa mwisho. Kwa hiyo B ya fizikia haikutokana na bahati ya siku moja. Msichana huyu amekuwa akiielewa fizikia kwa muda mrefu.

Sasa, chuo kikuu kinampokea mtu kwa vipi? Watu wengi wanadhani ukimaliza S.6 umeshafika mlangoni. Sivyo. Kiwango cha chini kilichowekwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, kwa anayetoka S.6 ni kuwa na UCE yenye masomo yasiyopungua matano aliyofaulu, pamoja na UACE, cheti cha S.6, yenye masomo makuu mawili aliyofaulu katika mtihani mmoja. Hayo masomo makuu ndiyo wanafunzi wanayaita prinsipo: herufi A hadi E. Ukipata O umepata ufaulu mdogo, na F ni kushindwa. A ina pointi 6, B ina 5, C ina 4, D ina 3, E ina 2, O ina 1. Mtoto husoma masomo makuu matatu, Jeneropepa (General Paper, somo dogo la maarifa ya jumla), na somo dogo moja kati ya hesabu ndogo na kompyuta. Ndiyo maana mtu akizoa kila kitu anafika pointi 20.

Lakini pointi hizo 20 ni za kusomwa kwenye gazeti. Chuo kikuu hakigawi nafasi kwa jumla hiyo. Kinaangalia unaomba kozi gani, kisha kila somo linapewa uzito kulingana na kozi hiyo. Masomo mawili ya lazima huzidishwa mara 3, la tatu linalohusiana huzidishwa mara 2, na yale madogo huhesabiwa mara 1. Somo lisilohusiana huzidishwa kwa nusu. Chukua kijana aliyepata B ya hesabu, C ya fizikia na D ya kemia, anayeomba uhandisi wa umeme. Hesabu ni 5 mara 3, inakuwa 15. Fizikia ni 4 mara 3, inakuwa 12. Kemia ni 3 mara 2, inakuwa 6. Ana 33 kabla ya nyongeza ndogondogo za Jeneropepa na za vyeti vya S.4. Sasa mlete mwenzake mwenye B, C na D zilezile, ila katika historia, uchumi na jiografia. Kwenye karatasi ya UACE wako sawa kabisa. Kwenye mlango wa uhandisi huyu wa pili hana hata pa kuanzia, kwa kuwa hesabu na fizikia ndizo za lazima, naye hana hata moja.

Ndiyo sababu nimesema HEG inanitia wasiwasi. Shule hazigawi tahasusi kwa kuangalia ndoto ya mtoto tu. Huangalia pia nafasi zilizobaki na walimu walionao. Kama baba anasisitiza A-level, basi ombi lenu liwe moja: fizikia na hesabu pamoja. Si lazima iwe PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, maana kemia yake ni D na itamlemea. Iko PEM, yaani fizikia, uchumi na hesabu, na shule nyingine zina fizikia na hesabu pamoja na uchoraji wa kiufundi. Kama shule hiyo haina, tafuteni nyingine mapema, kabla hajanunuliwa hata sare. Muulize pia mwalimu wa masomo jinsi shule yao inavyofundisha mtaala wa A-level uliorekebishwa kuanzia 2025, maana mdogo wako ataukuta huo, si ule waliosoma kaka na dada zake. Na kwa kuwa ni msichana, vyuo vikuu vya umma humwongezea pointi 1.5 juu ya hesabu hiyo, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Pointi moja na nusu inaonekana ndogo, lakini kwenye kozi zinazogombaniwa watu huachwa kwa sehemu ya pointi.

Niingie kwenye ufundi, ambako ndiko hasa swali lako liko.

Kijana aliyemaliza S.4 anaweza kujiunga na chuo cha ufundi kusomea Cheti cha Taifa, miaka 2. Humo kuna hesabu ya kiufundi, michoro, kanuni za umeme, na mafunzo ya kazini ambapo anapelekwa kwenye kampuni au karakana akashike kazi yenyewe. Akifaulu vizuri, anaomba diploma ya taifa katika fani hiyohiyo, miaka 2 mingine. Vyuo vya ngazi hiyo viko kadhaa, na kwenu Busia kilicho karibu ni Uganda Technical College Elgon pale Mbale. Upande wa magharibi kuna Kichwamba na Bushenyi, kaskazini kuna Lira, na Kyema iko Masindi. Kyambogo nayo inafundisha diploma. Akiwa na diploma, anaomba shahada kwa mlango wa wenye diploma. Hapo vyuo vikuu kwa kawaida hutaka diploma ya daraja la pili au zaidi, katika fani inayoendana na kozi anayoomba. Baadhi ya kozi humwingiza mwaka wa pili, nyingine humwanzisha mwaka wa kwanza kama wenzake.

Hesabu miaka. Kwa A-level: 2, kisha uhandisi 4, jumla 6. Kwa ufundi: 2, diploma 2, kisha 3 au 4, jumla 7 au 8, bila kuhesabu miezi ya kungoja matokeo na barua za kupokelewa. Kwa hiyo baba yuko sahihi kwa kitu kimoja: njia ni ndefu zaidi. Lakini tazama nini kinatokea ikikatika katikati, kwa sababu kwa familia zetu njia hukatika; mtu anaugua, kazi inaisha, karo inakosekana. Anayekwama baada ya S.6 ana cheti ambacho peke yake hakimpi kazi. Anayekwama baada ya Cheti cha Taifa anaweza kufunga waya nyumbani kwa mtu na akalipwa. Akiongeza kibali cha ufundi kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, anafanya kazi hiyo kihalali kwa jina lake. Kwa wewe unayelipa karo kwa mshahara wa ulinzi, hilo si jambo dogo.

Baba anasema ufundi ni wa walioshindwa. Nimheshimu mzee, najua alikotoa neno hilo. Kwa miaka mingi shule zenyewe zilikuwa zikiwatishia watoto wavivu kwamba watapelekwa ufundi. Lakini anayesoma umeme kwa ngazi ya diploma anapiga hesabu ambazo mwanafunzi wa HEG hatakutana nazo maishani. Kama kuna uwezekano, mpeleke baba akaone karakana ya umeme ya chuo mnachokifikiria siku ya masomo. Amuone mwanafunzi akifunga bodi ya swichi, akipima, akieleza kwa nini waya huu ni mnene na ule ni mwembamba. Hili hufanya kazi kuliko maneno yangu na yako.

Ugumu wa njia hii nisikufiche. Wa diploma wanaofika chuo kikuu mara nyingi mikono yao ni mizuri kuliko ya wenzao, lakini hesabu za uhandisi huwasumbua, kwa kuwa wenzao wametoka A-level wakiwa na hesabu safi kwa miaka miwili. Nafasi za mlango wa diploma pia ni chache kuliko za wanaotoka S.6, na ushindani ni mkali. Mdogo wako akichagua ufundi, na aendelee kujisomea hesabu ya A-level pembeni, hata saa moja jioni, asisubiri mpaka afike huko. Na diploma ya daraja la tatu, ile ya kufaulu tu, itamwacha nje ya kozi nyingi. Kwenye A-level mtoto anaweza kulegea S.5 akaamka S.6. Kwenye ufundi kila muhula unahesabiwa.

Sasa niende taratibu, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hupotea. Kuna Cheti cha Taifa nilichokieleza, cha miaka miwili, chenye mtihani wa kitaifa. Na kuna vyeti vya mfumo wa sifa za ufundi stadi, vinavyokwenda kwa levo: Levo ya 1, ya 2, ya 3. Hivi hupima kama mtu anaweza kufanya kazi fulani. Anapewa kazi mbele ya wapimaji, anaifanya, wanamtathmini. Ni vyeti vizuri na vya kweli. Mtu ambaye hakumaliza shule, aliyejifunzia mtaani kuchomelea au kushona, anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa hati inayoonyesha anachokiweza. Tatizo ni pale mzazi anapolipa akidhani Levo ya 2 ya umeme ni sawa na Cheti cha Taifa cha umeme, halafu mtoto anakwenda kuomba diploma anaulizwa cheti kingine. Kabla ya kulipa hata shilingi, muulize mkuu wa chuo kwa maneno haya: "Akimaliza hapa, cheti chake kitaandikwaje, na kitamruhusu kuomba diploma chuo gani?" Mwombe akuonyeshe karatasi ya matokeo ya mwanafunzi wa mwaka uliopita. Chuo cha kweli hakikasiriki ukiuliza hivyo.

Utasikia pia majina yamebadilika. Vyeti vya ufundi na biashara vilikuwa chini ya bodi ya UBTEB, na upimaji wa levo ulikuwa chini ya Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, pale Lugogo. Sheria ya TVET ya mwaka 2025 imeleta bodi moja, UVTAB, kuchukua mitihani na upimaji huo. Upande wa uuguzi na fani nyingine za afya kuna UHPAB. Kwa hiyo ukiona jirani ana cheti cha UBTEB na mdogo wako anaambiwa atapata cha UVTAB, usiogope. Ni kazi ileile iliyohamia nyumba nyingine, na cheti cha jirani hakijafutika.

Kile chuo kilichopiga simu, kaka, usikilipe. Diploma ya taifa katika fani ya ufundi ina mlango wake: ama UACE yenye angalau somo kuu moja na mawili madogo katika masomo yanayohusika, ama Cheti cha Taifa cha fani hiyo. Mtoto wa S.4 hana hata kimoja. Anayemwahidi diploma moja kwa moja, tena kwa miezi kumi na minane, ama anakiita diploma kitu ambacho si diploma, ama hajali kitakachompata baadaye. Inawezekana kweli atapewa karatasi yenye muhuri na siku ya mahafali yenye joho. Siku atakapoipeleka chuo kikuu, watamuuliza aliingiaje diploma bila S.6 na bila cheti, na hapo hatakuwa na jibu. Ukitaka kuhakikisha, kwa chuo cha ufundi uliza namba ya usajili ya Wizara ya Elimu na namba ya kituo cha mtihani. Kwa chuo kikuu au taasisi ya elimu ya juu, angalia NCHE kama taasisi imesajiliwa na, muhimu zaidi, kama kozi yenyewe ina ithibati. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja ndani yake ikawa haina ithibati. Ofisi za NCHE ziko Kyambogo, na wewe uko Kampala. Nenda siku yako ya mapumziko ukaulize ana kwa ana.

Kuhusu pesa, kwa kuwa umesema ni ya kuamua mara moja. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, HESFB, hutoa mikopo kwa Waganda walioingia diploma au shahada katika taasisi zinazoshiriki, hasa kozi za sayansi na teknolojia. Hulipa karo ya masomo, ada za lazima za chuo na za utafiti. Haikopeshi ngazi ya cheti wala S.5. Maana yake, miaka miwili ijayo ni yako, uende upande wowote. Baada ya hapo kuna msaada wa kuombwa, nao hutolewa kwa kuangalia hali ya familia. Vyuo vya ufundi vya serikali navyo huwa na nafasi zinazolipiwa na serikali, hutangazwa magazetini na wizara. Usiache kuulizia kwa kuwa mtu amekuambia zimekwisha.

Iko na milango mingine, niitaje kwa haraka kwa sababu haimhusu leo. Aliyefanya S.6 akakosa masomo makuu mawili anaweza kusoma Cheti cha Elimu ya Juu, HEC, mwaka mmoja, katika chuo kilichoruhusiwa, kisha akaomba shahada. Na mtu mzima wa miaka 25 na kuendelea anaweza kufanya mtihani wa watu wazima. Huo mtihani ni wako wewe, kaka, kama siku moja utapenda. Umeandika barua nzuri.

Kwa hiyo ningekuwa mahali pako ningefanyaje? Ningemwita mdogo wako peke yake, bila baba, nimuulize kama anaipenda hesabu au anavumilia tu. Akisema anaipenda, na shule ya fizikia na hesabu ikapatikana, na una uhakika wa kulipa miaka sita bila kukatika, A-level ni njia fupi na ana nafasi nzuri, nyongeza ya wasichana ikiwa juu. Ukiwa huna uhakika wa pesa, au yeye anataka kushika kazi sasa, mpeleke ufundi katika chuo chenye Cheti cha Taifa, na umwambie baba waziwazi kwamba chuo kikuu bado kipo mbele. Kwa jinsi ulivyoandika, moyo wangu unaelekea ufundi, kwa sababu mbili: yeye mwenyewe ameuomba, na wewe umesema pesa ni ya mara moja. HEG ningeiacha hata kama ni ya bure. Cheti chake cha S.4 kitunzeni vizuri kwa njia zote mbili. Hata akiwa na diploma, chuo kikuu kitakiomba.

Kuna mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa barua. Kama mtoto amekuwa mnyonge, hali chakula vizuri, hapati usingizi kwa sababu ya ugomvi huu, mtafutieni mwalimu mshauri wa shule yake au mtu mzima anayemwamini wazungumze naye kabla ya kusaini fomu yoyote. Kama sehemu ya masomo yake aliyafanyia ng'ambo ya mpaka, Kenya, matokeo hayo lazima yalinganishwe kwanza: ya shule hulinganishwa na UNEB, ya vyuo na NCHE. Nataja hili kwa kuwa nyumbani ni Busia, na kwenu watoto wengi husoma pande zote mbili.

Na jina, lishughulikie sasa, kabla hajasajiliwa popote, kwa sababu jina litakaloandikwa kwenye usajili wa chuo linafuata lile la UCE na litaendelea hadi kwenye shahada. Angalieni kwanza kosa liko wapi. Likiwa kwenye hati ya kuzaliwa au kitambulisho, nendeni ofisi ya wilaya ya mamlaka ya usajili na vitambulisho, NIRA, mkiwa na karatasi ya matokeo ya UCE, ile ya PLE ya darasa la saba, na mzazi mmoja; kusahihisha upande huo huwa rahisi kuliko kuigusa UNEB. Kosa likiwa kwenye matokeo, anzeni na mkuu wa shule aliyemsajili, maana ndiye mwenye orodha iliyopelekwa UNEB. Kama ni mpangilio tu wa majina au herufi moja, hati ya kiapo mara nyingi hutosha. Kama ni jina tofauti kabisa, muoneni wakili ili libadilishwe kisheria. Fanyeni nakala tatu za kila karatasi, moja ibaki kwako Kampala.